JIBU LA MWALIMU: Dagaa wa aina mbili, sado moja

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Morogoro. Tuliambiwa tuandike aya moja ya kulinganisha na kulinganua Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika. Niliandika hivi: "Ziwa Victoria ni kubwa sana. Linapakana na mikoa kama Mwanza, Mara na Kagera. Lina samaki watamu, kwa mfano sangara na sato. Ziwa Tanganyika ni refu na maji yake ni safi. Meli ya Liemba ilitengenezwa Ujerumani. Kwa hiyo maziwa haya yanafanana na pia yanatofautiana." Nimepata 3 kwa 10, na mwalimu ameandika kwa wino mwekundu: "Hujalinganisha, umesimulia." Kosa langu ni lipi wakati kila nilichosema ni kweli?*

Marahaba, mwanangu. Kila ulichosema ni kweli, na mwalimu wako hajakuonea.

Kosa hilo nalifahamu kwa sababu nililifanya mimi mwenyewe nikiwa tayari nina cheti cha ualimu mkononi. Nilizaliwa Ujiji. Mwaka 1984 nikapangiwa kazi Mwanza, nikapanda treni Kigoma, nikabadilisha Tabora, nikashuka Mwanza na sanduku la bati na godoro. Juma lile la kwanza nilikwenda Mwaloni, Kirumba, nikanunua dagaa, nikawapika kama nilivyozoea nyumbani. Tonge la kwanza tu, mchanga ukalia kwenye meno. Usiku ule ule nikakaa na kibatari, nikamwandikia Baba barua ya kurasa mbili kumweleza kwamba dagaa wa huku si dagaa.

Baba alikuwa mchuuzi wa dagaa pale Kibirizi, Kigoma. Shule aliishia darasa la nne, lakini kwa hesabu za kopo hakuna aliyemweza. Majibu yake yalikuja baada ya majuma matatu, mistari michache tu. Aliandika kwamba nimemweleza mchanga wa Mwanza na utamu wa Kigoma. Je, wa Mwanza hawana utamu? Wa Kigoma hawana mchanga? Bei nimemtajia ya huko peke yake. "Hao wawili umewapima kwa makopo tofauti," akamalizia, "mimi nitajuaje?"

Sasa rudi kwenye aya yako. Victoria umelipima kwa ukubwa, kwa mikoa na kwa samaki. Tanganyika umelipima kwa urefu, kwa usafi wa maji na kwa meli. Hakuna hata swali moja uliloyauliza maziwa yote mawili. Msomaji akitaka kujua Tanganyika lina samaki gani, hapati. Akitaka kujua Victoria lina maji ya namna gani, hapati. Umeweka habari mbili jirani, kila moja na mlango wake, na ukuta katikati. Ndiyo maana ukaambiwa umesimulia.

Tazama na lile agizo lenyewe, maana wengi mnalipita kama kituo cha basi kisicho na abiria. *Kulingana* ni kuwa sawa, kuoana. *Kulinganisha* ni kuviweka viwili pamoja uone vinapooana. Ile *-ua* ya *kulinganua* ndiyo ile ile ya kufunga na kufungua, kukunja na kukunjua, kutega na kutegua: inarudisha nyuma kilichotendwa. Kwa hiyo unaunganisha kwanza, halafu unabandua pale pasiposhikana. Huwezi kubandua vitu ambavyo hukuvigusanisha. (Siku hizi mitihani mingine husema "linganisha na tofautisha". Kazi ni ile ile, ingawa mimi ile ya kwanza naipenda zaidi, kwa kuwa inajieleza yenyewe.)

Fanya hivi. Chukua karatasi ya rafu, pitisha mstari katikati, Victoria kushoto, Tanganyika kulia. Pembeni kabisa andika maswali, siyo majibu. Eneo? Kina? Limetokeaje? Nchi ngapi zinaligawana? Kila swali lijibiwe pande zote mbili. Swali lenye jibu upande mmoja tu, ama kalitafutie jibu la pili, ama lifute. Liemba, kwa mfano, ni meli yenye historia nzuri mno, ilishushwa majini pale Kigoma mwaka 1915 na Wajerumani, ikazamishwa na wao wenyewe vitani, Waingereza wakaiibua, ikarudi kazini. Naipenda kwa sababu ndugu zangu wameipanda. Lakini kama hutaji meli yoyote ya Victoria, Liemba ishuke kwenye aya hii.

Ukishajaza, angalia karatasi yako inakwambia nini. Mimi niliyajaza yako, ikaniambia hivi:

"Ziwa Victoria ni pana, Ziwa Tanganyika ni la kina. Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, zaidi ya mara mbili ya Tanganyika lenye 32,900 hivi. Lakini kamba ya mita 80 au zaidi kidogo hugusa tope la Victoria pale penye kina kirefu kabisa, ilhali Tanganyika kamba hiyo ingehitaji kufika mita 1,470. Sababu ni namna yalivyotokea: Tanganyika limejaza ufa mrefu wa Bonde la Ufa la magharibi, na Victoria limekaa kwenye bakuli la kina kifupi kati ya matawi mawili ya bonde hilo. Ndiyo maana ziwa linaloonekana dogo kwenye ramani ndilo lenye maji mengi, zaidi ya mara sita ya lile kubwa."

Umeona sentensi ya mwisho? Haikuwemo upande wa Victoria wala upande wa Tanganyika. Imezaliwa pale yalipowekwa pamoja. Ukimaliza aya ya ulinganisho na hujapata sentensi ya namna hiyo, basi huenda hapakuwa na haja ya kulinganisha. "Yanafanana na pia yanatofautiana" haiwezi kuwa hiyo sentensi, mwanangu. Hata kiatu na chungwa vinafanana na pia vinatofautiana.

Utaona pia kwamba sikutaja nchi. Victoria linagawanywa na nchi tatu, Tanganyika na nne. Swali lilijibika pande zote, lakini halikusaidia jambo la upana na kina, nikaliacha kwenye rafu. Kuacha nako ni kazi.

Umeuliza tena mwishoni mwa barua yako (hapa nimeikata kwa sababu ya nafasi) kama inafaa kumaliza ziwa moja ndipo uanze la pili, au kwenda nayo yote mawili hoja kwa hoja. Nitakujibu kwa dagaa, maana ndio niliokula nao miaka yote hii.

Ukimaliza mmoja kwanza, unaandika hivi: dagaa wa Kigoma ana nasaba gani, anavuliwaje, anaanikwa wapi, anauzwaje. Unavuta pumzi. Halafu dagaa wa Mwanza: nasaba, uvuvi, kuanika, bei, kwa mpangilio ule ule. Ukivuruga mpangilio umeshampoteza msomaji, kwa sababu anapokuwa Mwanza anajaribu kukumbuka ulichosema Kigoma, na kumbukumbu yake inafuata foleni uliyompangia. Njia hii ni nzuri pale kila upande una hadithi yake ndefu, na una nafasi ya aya mbili.

Hoja kwa hoja ni namna hii:

"Jina ni moja, ukoo si mmoja. Dagaa wa Kigoma ni wa jamii ya dagaa wa baharini, ambao ndugu zao wengi wanaishi maji ya chumvi, ilhali dagaa wa Mwanza, ambaye Wakenya humwita omena na Waganda mukene, nasaba yake iko karibu na ningu, samaki mwingine wa Ziwa Victoria, kuliko na huyo wa Kigoma. Wote wawili huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa, zamani karabai na sasa hata za sola, na mbalamwezi ikiwa kamili wavuvi wa maziwa yote mawili hushona nyavu. Tofauti huanza asubuhi."

Hapo nimekatisha kwa makusudi. "Tofauti huanza asubuhi" ni daraja. Baada yake nakwenda kwenye kuanika: wa kwetu, nilivyowaona utotoni, wakitandazwa juu ya changarawe za ufukweni, na wale niliowanunua Mwaloni mwaka ule walikuwa wameanikwa juu ya mchanga mtupu. Siku hizi kuna chanja pande zote mbili, na aliyenunua dagaa wa chanja wa Mwanza hana sababu ya kuninunia. Lakini mchanga ule wa 1984 ulikuwa na sababu, na sababu hiyo haikuwa dagaa. Ilikuwa sakafu. Baba aliiona bila kufika Mwanza, mimi niliyekuwa nimekaa juu yake sikuiona.

Hatari ya hoja kwa hoja ni kumrusharusha msomaji. Kigoma hivi, Mwanza hivi, Kigoma vile, Mwanza vile, akawa kama abiria wa daladala anayehamishwa kiti kila kituo. Dawa yake ni kufululiza mfanano kwa pumzi moja, kama nilivyofanya kwenye taa na mbalamwezi, ili usilazimike kugawa kila sentensi. Kwa aya moja ya mtihani, mimi ningekushauri hoja kwa hoja. Na hizo alama saba zilizobaki kazichukue.

*Assalamu alaikum, Bibi Mwalimu. Niko Muscat, asili yangu Unguja. Kila Ijumaa nawafundisha Kiswahili watoto wa ndugu zangu waliozaliwa huku. Wanaandika "Kaka ni mrefu bali dada ni mfupi." Nawaambia si sawa, wananiuliza kwa nini, sina jibu. Tafadhali nisaidie na maneno ya aina hii.*

Wa alaikumu salaam, mwanangu, na Mungu akulipe kwa hizo Ijumaa.

Waambie *bali* haipendi kuingia mpaka mlango umefungwa kwanza. Inataka kanusho mbele yake: "Kaka si mfupi bali ni mrefu." "Hakuchelewa bali alikataa kuja." Inafuta jambo moja na kuweka jingine mahali pake, na ni kuhusu mtu yule yule. Kaka na dada ni watu wawili, hakuna aliyefutwa, kwa hiyo hapo waandike *ilhali*: "Kaka ni mrefu ilhali dada ni mfupi." *Ilhali* huweka hali mbili uso kwa uso na kuziacha zote zisimame. *Lakini* ina kazi nyingine tena, huvunja tegemeo: "Kaka ni mrefu lakini hafikii rafu ile." Ulitegemea aifikie.

Wape zoezi kutoka jikoni. Halua ya Muscat na halua ya Unguja, zote zina sukari, zote zina samli. Waonje, kisha kila mtoto aandike sentensi tatu, moja ya *ilhali*, moja ya *lakini*, moja ya *bali*. Atakayekosea *bali* aoshe sinia.

Kuhusu *wakati*, mimi ni mtu wa zamani, nataka ibaki kwenye saa: "Alilala wakati sisi tunafua." Wengi siku hizi wanaitumia kwa kupambanisha, na sitagombana na nusu ya nchi. Ila yule mwanafunzi wa Morogoro hapo juu ameniuliza kosa lake ni lipi "wakati kila nilichosema ni kweli", nami moyoni nikamsahihishia: *ilhali*.

Jambo dogo la mwisho. *Kuliko* inatosha peke yake. "Bora zaidi kuliko" ni kuvaa kofia mbili.

*Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha akina mama huku Singida. Tumeweka akiba na tunataka kununua ama mashine ya kukamua alizeti ama mashine ya kusaga nafaka. Mwenyekiti ameniagiza niandike maelezo mafupi ya kulinganisha hizo mbili, yasomwe kwenye mkutano. Nimeandika kurasa nne. Nakutumia mwanzo wake: "Mashine ya kukamua ni nzuri, ya kisasa na yenye nguvu. Mashine ya kusaga ni ya kawaida." Je, panafaa?*

Salama, dada yangu. Wewe unataka ya kukamua. Sijakuona, lakini nimekusoma.

"Ya kawaida" si kipimo. Na "nzuri" ni kipimo cha moyo wako, nao akina mama watakuja na mioyo yao. Yaache hayo. Jiulize wanachama watakaa kwenye mkeka wakiuliza nini, na maswali hayo hayo yaulize kila mashine: bei yake mpaka ifungwe, umeme inaokula, fundi yuko wapi ikiharibika, na siku ngapi kwa mwaka itafanya kazi.

Hilo la mwisho ndilo la kukaa nalo. Alizeti ina msimu. Mavuno yakiisha na watu wakishauza mbegu, mashine italala isipokuwa kikundi kina mbegu ghalani. Unga watu wanausaga kila juma. Hapo ya kusaga inaonekana kushinda. Lakini ya kukamua inatoa bidhaa mbili, mafuta na mashudu, na mashudu wafugaji wananunua, ilhali ya kusaga kikundi kitalipwa ujira wa kusaga tu, na pumba mara nyingi mwenye mahindi anaondoka nazo. Hapo ndipo pa kubishania. Weka namba zako hapo, zile mlizopewa na wauzaji na zile mlizoziona kwa majirani wenye mashine.

Yanayofanana yape sentensi moja. "Zote zinatumia umeme na zote zinahitaji chumba chenye sakafu ya saruji." Basi. Mtu anayechagua kati ya viwili hahangaiki na yaliyo sawa. Ni tofauti na mwanafunzi wa mtihani, ambaye ameagizwa ayaonyeshe. Wala usijilazimishe kuzipa mashine urefu sawa wa maneno. Kinachotakiwa kuwa sawa ni maswali. Majibu yatakuwa na urefu wake.

Na mwishoni sema wazi unachopendekeza na kwa nini. Ukificha pendekezo lako ndani ya "ya kisasa", mama mmoja wa nyuma atalifichua mbele ya wote.

*Mwalimu mwenzangu, nafundisha shule ya msingi Kilifi. Insha zote za wanafunzi wangu zinaanza "Kwa upande mmoja" na aya ya pili "Kwa upande mwingine". Nimechoka. Nifanyeje?*

Pole, mwenzangu. Wapige marufuku kwa muhula mmoja. Tuseme insha ni ya kulinganisha mnazi na mkoko: haviwi na pande, vina mizizi, na majani, na anayevipanda. Waambie aya ianze na kitu chenyewe: "Mkoko husimama ndani ya maji ya chumvi." Aya ya pili: "Mnazi hukaa nyuma kidogo." Hilo "nyuma kidogo" limeshalinganisha, na hakuna aliyetaja upande.

*Mwalimu, hujambo? Wewe uliyekaa kote kuwili, tuambie ukweli: dagaa bora ni wa Kigoma au wa Mwanza? Msomaji wa Kirumba.*

Sijambo. Bora kwa lipi, na kwa bei gani? Hapa nilipo sado ya wa Kigoma inaniuma mfukoni, sado ya wa Mwanza hainiumi, kwa hiyo siku za kazi napika wa Mwanza. Jirani yangu mmoja wa Ukerewe ndiye aliyenifundisha mwaka ule: unawachoma kidogo kwenye sufuria kavu, mchanga unaachia, ndipo unawaosha kwa maji ya moto mara mbili, halafu nyanya, kitunguu, ndimu. Wajukuu wakija likizo natoa wa Kigoma kwenye kopo la juu kabatini, na mawese.